Msiba utawekwa wapi? Mwongozo wa kuzipanga upya fleti za bei nafuu ili majirani wajuane

Nianze na kisa. Jirani yetu wa floo ya tatu alifiwa na mama yake, fleti yenyewe vyumba viwili na sebule, watu wakaanza kuja saa mbili asubuhi na kufika saa nne wanawake wameshajaa kwenye ngazi kuanzia floo ya pili mpaka ya nne, mikeka hakuna pa kuitandika, wanaume wako chini wamesimama katikati ya magari, na turubai lilipoletwa ikabidi watu wapite mlango kwa mlango wanapiga hodi kuwatafuta wenye magari wayatoe. Na hao wenye magari hatukuwajua. Miaka minne tunaishi jengo moja. Mwili ulipoletwa kuagwa jeneza likakwama kwenye kona ya ngazi, likasimamishwa wima, watoto wa marehemu wanaangalia. Kile kitu sijakisahau mpaka leo.

Tangu siku ile kila nikiona ramani ya nyumba za bei nafuu swali langu la kwanza ni hilo hilo, msiba utawekwa wapi. Manake jengo lenye pa kuweka msiba lina pa kuweka harusi, kikao cha wakazi, madrasa ya watoto, bao la wazee, kila kitu. Jengo lisilo na pa kuweka msiba lina vyumba tu.

Na sasa hivi ndo wakati wa kuliuliza hili swali, kwa sababu ujenzi unaenda. Magomeni Kota pale Dar zilifunguliwa fleti 656 mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikikaa kota za zamani pale pale. Kenya nako tangu sheria yao ya nyumba za bei nafuu ya 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ghorofa likishasimama haligeuzwi kirahisi, lakini kuna mengi yanarekebishika, na mengine ni ya bei ya chini kuliko watu wanavyodhani. Haya ninayoandika ni kwa kamati za wakazi, wenyeviti wa mitaa, wachora ramani na watu wa halmashauri.

Hatua ya 1: Tembea kabla hujachora

Chukua karatasi, chora jengo na uwanja wake hata kama mistari imepinda, afu kaa nalo wiki nzima. Nenda alfajiri watu wanapotoka kazini zamu ya usiku na wengine wanatoka kwenda, nenda saa kumi jioni, nenda baada ya isha. Kila unapoona mtu amesimama kuongea na mwenzake zaidi ya dakika tano weka nukta. Kila unapoona ndoo iliyogeuzwa kuwa kiti, tofali mbili zimewekewa ubao, kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu, weka alama kubwa. Watu wameshakuchorea ramani tayari. Pale kwenye ndoo ndo baraza lao, wewe kazi yako ni kuliongezea kivuli na sehemu ya kukaa, sio kulihamishia kwenye bustani uliyoipenda wewe.

Yule mama wa vitumbua na chai ya rangi pale kona ya geti usimguse. Nimeona sehemu jengo linapakwa rangi upya, wanaweka maua, kitu cha kwanza wanamfukuza mama vitumbua kwa sababu anachafua mandhari, na baada ya mwezi mmoja hakuna mtu anayejua habari za mwenzake, kwa sababu habari zote zilikuwa zinapita kwake.

Afu kuhusu kuuliza watu maoni. Kikao cha jioni cha kamati wanakuja wanaume, na wanaume watakwambia habari za paking na ulinzi. Kina mama wafuate walipo, kwenye bomba, kwenye kamba za nguo, kwenye kikoba chao siku wanapokutana kuhesabu hisa. Watoto nao waulize wanachezea wapi na wanafukuzwa wapi. Waulize hasa hilo la kufukuzwa.

Hatua ya 2: Kumbuka nyumba ya Kiswahili ilikuwa inafanya kazi gani

Hapa ndo moyo wa jambo lote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wanaohamia kwenye hizi fleti wametoka kwenye ile nyumba tunayoijua wote, Magomeni, Kariakoo, Ilala, Tandika: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, mbele kibaraza, nyuma uani kuna choo, bafu, jiko na kisima au bomba. Kila chumba kimoja au viwili familia moja. Tulikuwa tunagombana, ndio, zamu ya kufagia uani, bili ya umeme, nani kamaliza maji kwenye pipa. Sisemi turudi kulala watu sita chumba kimoja, hapana.

Lakini angalia ile nyumba ilivyokuwa imepangwa. Kibaraza ni cha mpita njia, mtu anasalimia, anakaa, hajaingia ndani kwako. Ukumbi ni wa watu wa nyumba, mgeni akifika hapo ameshajulikana ni wa nani. Uani ni pa kina mama na watoto, mambo ya uani hayatoki barabarani. Kwa hiyo kati ya barabara na kitanda chako kulikuwa na sehemu tatu, na kila sehemu ina watu wake na adabu yake, na mtu alikuwa anachagua leo akae na nani.

Sasa fleti imefanya nini, imefuta zote tatu. Unatoka barabarani unakuta ngazi nyembamba ya giza, unapanda, mlango wa chuma, ndani. Ukifungua mlango mtu anaona mpaka chumbani. Kwa hiyo watu wanafunga. Afu tunasema watu wa ghorofani wanaringa, wamekuwa wazungu. Hawajabadilika tabia hao, wamekosa kibaraza tu. Michenzani Zanzibar, yale maghorofa marefu ya enzi za Karume yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni hivyo hivyo, mtu anatolewa kwenye nyumba ya Ng'ambo yenye baraza mbele na ua nyuma anapandishwa juu, na baraza lake inabidi ateremke kulitafuta chini.

Kwa hiyo kazi ya kurekebisha ni kuvirudisha hivyo vitatu kwenye jengo la kwenda juu. Kibaraza kirudi mlangoni na getini, ukumbi urudi kwenye ngazi, uani urudi mahali ambapo kina mama watafua na kupika bila kuangaliwa na kila mpita njia. Ukipotea njia katikati ya kazi rudi hapa.

Hatua ya 3: Kata jengo vipande vidogo

Mtu hawezi kuwa na majirani mia mbili. Anaweza kuwa na kumi, akijitahidi ishirini. Sisi tulikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu TANU miaka ya 1960, na siasa ukiiweka pembeni, ile hesabu ya kumi ilikuwa na akili, balozi anajua nani anaumwa na nani hajalipa ada ya mtoto. Kule Chile, mji wa Iquique, mradi wa Quinta Monroy wa msanifu Alejandro Aravena na wenzake uliokamilika 2004 ulikuwa na familia kama mia, wakazigawa kwenye nyua, kila ua familia kama ishirini, watu walewale waliokuwa wanaishi pamoja kwenye makazi holela ya pale pale.

Kwa hiyo angalia jengo lako lina milango mingapi kwa kila ngazi. Kama ngazi moja inabeba milango 8 mpaka 12 una bahati, hiyo ni nyumba kumi yako, ipe rangi yake, jina lake, taa yake, kengele yake. Kama ni korido ndefu yenye milango arobaini, ikate katikati kwa geti jepesi la wavu ambalo halifungwi kwa kufuli (njia ya kukimbilia moto ukitokea isizibwe kamwe, hili halina mjadala), au hata kwa rangi ya sakafu na benchi tu. Grupu la WhatsApp nalo liwe la ngazi, sio la jengo zima. La jengo zima linakuwa la matangazo ya kuuza mashuka.

Hatua ya 4: Ngazi na mlango

Hii ni ya bei rahisi na inaleta mabadiliko haraka kuliko zote.

Pale mbele ya mlango au kwenye kituo cha ngazi jenga benchi la tofali na saruji, urefu wa kukalia sentimita 45, upana sentimita 40 hivi, lishikamane na ukuta lisiweze kuhamishwa wala kuibwa. Hilo ni baraza, kwisha. Ila pima kwanza: benchi lisipunguze njia. Chukua ubao wa mita mbili na nusu kwa sentimita 60, watu wanne waubebe kutoka floo ya juu mpaka chini ukiwa umelala, wakikwama mahali ujue jeneza litakwama hapo hapo, na machela ya mgonjwa pia. Kwenye majengo mapya hii ifanyike kwenye karatasi kabla zege halijamwagwa. Nawaomba sana wachoraji, igeuzeni hiyo mita mbili na nusu kwenye kona za ngazi zenu, mtakuwa mmewasitiri watu ambao hamtawajua kamwe.

Ngazi yenye giza haina salamu, watu wanapishana haraka. Ukuta wa nje wa ngazi ukiruhusu toboa, weka matofali ya matundu, mwanga na upepo viingie. Taa za ngazi ziwe na luku yake, usizifunge kwenye mita ya fleti ya mtu kwa makubaliano ya mdomo, siku mmoja akichoka kununua umeme jengo zima linalala gizani na ugomvi unaanza.

Na mlango: weka pazia zito au ukuta mfupi ndani ya mlango ili mtu akifungua asionekane mpaka chumbani. Ukishafanya hivyo utashangaa milango inaanza kukaa wazi jioni, pazia linapepea, na sauti za watu zinatoka.

Hatua ya 5: Floo ya chini iachwe wazi

Singapore wengi wanaishi kwenye fleti za serikali, na majengo yao mengi floo ya chini ni nguzo tu, hamna vyumba. Hapo chini Wamalei wanafanya harusi, Wachina wanaweka misiba, wazee wanacheza, kila mtu kwa zamu yake. Hawana mvua wala jua la kuwasumbua. Naona hiki ndo kitu ambacho tungekiiga mapema kuliko vyote, kwa sababu matumizi yake ni yetu kabisa.

Tatizo linajulikana. Mwenye jengo, awe shirika au halmashauri, anaitaka floo ya chini kwa fremu za maduka, na hela ya fremu ni ya kweli, siwezi kuibeza, ndo inayolipa matengenezo. Mkubaliane hivi: upande wa barabara fremu, upande wa nyuma pawe wazi. Duka, saluni na mashine ya kusaga mbele, nguzo na kivuli nyuma. Kwa jengo ambalo chini tayari kuna fleti usimhamishe mtu, jenga banda la bati la wazi kwenye uwanja, mita 6 kwa 12 inatosha kuanzia, paa liwe juu ya kutosha joto lisikae.

Mahitaji ya hiyo sehemu, usisahau hata kimoja: bomba la maji lenye koki ya kufungia, mfereji wa kutoa maji machafu, soketi mbili na taa, stoo yenye kufuli ya kuwekea mikeka, masufuria makubwa na viti vya jengo, choo kimoja cha wageni, na pembeni upande ambao moshi hauingii madirishani pawe na sakafu ya saruji ya kuwekea mafiga. Pilau la watu mia haliwezi kupikwa kwenye plate mbili za gesi floo ya nne. Magari yapangiwe mistari, na sehemu ya turubai ipakwe rangi tofauti chini, gari likipaki hapo kila mwenye gari namba yake ya simu iko ukutani kwenye ngazi yake, dakika tano linatoka.

Hatua ya 6: Uani

Wachoraji wengi wanaume, na uani wanausahau. Jioni nenda ukaone kina mama wanafulia bafuni wameinama, nguo zinaanikwa dirishani zinadondokea nguo za mtu wa chini, ugomvi. Na maharage, makande, utumbo, hivi vitu havipikwi kwa gesi kwa mtu wa kipato cha chini, mtungi utaisha wiki mbili, kwa hiyo mtu anawasha mkaa kwenye balkoni ndogo ya fleti, moshi wote ndani, hatari tupu.

Vienna, Austria, jengo la Karl-Marx-Hof lililokamilika 1930, fleti 1,382 za wafanyakazi, waliweka ndani yake sehemu za kufulia za pamoja, mabafu, shule za watoto wadogo, na sehemu kubwa ya kiwanja wakaiacha bustani. Miaka karibu mia imepita watu bado wanaishi humo. Sisi hatuhitaji makubwa hayo: karo za kufulia nne au sita zilizoinuliwa mtu afue amesimama, kamba za kuanikia zilizogawiwa kwa ngazi, sehemu ya majiko ya mkaa yenye bomba la moshi, na ukuta wa matofali ya matundu kuzunguka ili anayefua aone nje lakini asionekane amefunga khanga moja. Kama paa ni la zege na fundi mwenye taaluma amethibitisha linabeba, weka huko juu, na ukingo usipungue mita 1.1, watoto watapanda tu hata ukikataza.

Karo zikae zinatazamana. Ukizipanga kwenye mstari mmoja kina mama wanapeana migongo.

Watoto wacheze mahali panapoonekana kutoka kwenye madirisha ya jikoni na kwenye karo. Wazee na wenye ulemavu wapewe floo ya chini, na njia ya kiti cha magurudumu kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za kwenda mbele, zaidi ya hapo ni mlima.

Hatua ya 7: Jaribu kwa vitu vya bei rahisi

Kabla ya saruji weka mabenchi ya mbao za kukodi, chora chini kwa chokaa, funga turubai kama paa, acha mwezi mzima. Benchi likikaa tupu lihamishe. Fundi wa mbao siku moja kazi imekwisha, kuvunja zege ni hela nyingine na aibu nyingine.

Hatua ya 8: Msiwatawanye watu

Ukivunja ujirani uliokuwepo, mabenchi yote hayo hayatausaidia. Bordeaux, Ufaransa, mtaa wa Grand Parc, wasanifu Lacaton na Vassal na wenzao walikarabati fleti 530 za umma, wakaziongezea mabaraza mapana kwa nje kwenye kila floo, na wakazi hawakuhamishwa, waliendelea kuishi humo humo kazi ikiendelea. Inawezekana.

Kama lazima kuvunja na kujenga upya basi ugawaji ndo utaamua. Kawaida inachezwa kura, kila familia namba yake, mama ambaye miaka ishirini alikuwa anaachiwa watoto wa jirani anajikuta jengo lingine na wale watoto jengo lingine. Fanyeni hivi: kabla ya kura familia zijiandikishe kwa makundi ya nane mpaka kumi kadiri ya milango ya ngazi moja, wanaotaka kuwa pamoja wajiandike pamoja, afu kura ichezwe na kundi, kundi linapata ngazi. Haki ni ile ile, bahati ni ile ile, hakuna anayechagua floo nzuri, lakini majirani wamehama na majirani zao. Asiye na kundi apangiwe kwenye nafasi zilizobaki. Gharama yake ni karatasi na kalamu.

Hatua ya 9: Nani anafagia, nani analipa

St. Louis, Marekani, walijenga Pruitt-Igoe miaka ya 1950, majengo 33 ya ghorofa 11. Mchoraji aliweka korido pana kila baada ya floo kadhaa ili watu wakutane, lifti zikawa zinasimama kwenye floo hizo tu. Wazo lenyewe zuri. Lakini hela ya matengenezo ilitegemea kodi za wapangaji, wapangaji wakapungua na waliobaki ni maskini zaidi, taa zikaungua hazikubadilishwa, lifti zikafa, zile korido za kukutana zikawa sehemu za kuogopa. Kuanzia 1972 wakaanza kuyabomoa. Kwa hiyo usijenge sehemu ya pamoja ambayo hujaijua bajeti yake ya mwezi.

Tuseme jengo lina kaya 40, kila moja inatoa 5,000 kwa mwezi, mwaka ni 2,400,000. Gawa: luku ya ngazi na pampu, mfagiaji, dawa ya choo cha wageni, na kiasi fulani kisiguswe, cha koki na taa zitakazoharibika. Karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani kila mwezi, kwenye kila ngazi, namba kamili. Mahali fleti zimeuzwa, Tanzania kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, Kenya kuna ya 2020, zote zinawapa wenye fleti chombo cha kusimamia sehemu za pamoja, kisajilini msiishie kwenye grupu. Mahali ni pa kupanga, iandikwe kwenye mkataba wa upangaji kwamba banda, karo na ngazi ni sehemu ya nyumba uliyopanga, isije siku mtu akazifungia akaweka ofisi yake.

Kanuni ziwe chache: msiba unatangulia shughuli yoyote iliyopangwa banda lile, muziki mwisho saa nne usiku, aliyetumia sufuria anairudisha imeoshwa. Ufunguo wa stoo akae nao mtu wa floo ya chini ambaye huwa nyumbani mchana, na wa pili awe nao balozi wa ngazi nyingine, manake kifo hakiji saa za kazi.

Hatua ya 10: Rudi na karatasi yako

Baada ya miezi mitatu chukua ile ramani ya wiki ya kwanza, nenda saa zile zile, weka nukta upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Simama kwenye kila ngazi mwulize mtoto wa miaka kumi akutajie majina ya watu wa milango yote. Kwetu baada ya benchi na taa, binti wa floo ya pili alinitajia tisa kati ya kumi, na yule wa kumi, kaka mmoja anayefanya kazi usiku, akasema jina lake hajui ila mama yake huwa anamwekea chakula siku za Ijumaa.